Mjadala: Masomo ya Chicano yalianzishwa na wasomi au na waandamanaji?

Mleta mada:
Taaluma hii inayochunguza historia na maisha ya Wachicano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko, ilitokana na nani? Mimi nasema ni wanafunzi. Machi 1968 maelfu ya vijana wa sekondari walitoka madarasani wakaandamana mashariki mwa Los Angeles, mwalimu wao Sal Castro akiwa upande wao, na kabla ya mwaka kwisha chuo cha jimbo mjini humo kilikuwa kimeanzisha programu ya masomo hayo. Bila shinikizo lile vyuo visingetikisika.

Mzee wa Maktaba:
Ndugu, kelele hazitungi mtaala. Américo Paredes wa Texas alichapisha mwaka 1958 utafiti wake kuhusu nyimbo za masimulizi za mpakani, na George I. Sánchez alikwisha kuandika juu ya watu wa New Mexico mwaka 1940. Hao vijana wako walikuta shamba limelimwa, wakavuna.

Kalamu Nyekundu:
Hilo la kuvuna limenikera, Mzee. Aprili 1969 wanafunzi, wahadhiri na wafanyakazi wa vyuo walikutana Santa Barbara wakaandaa mpango mzima: masomo yafundishwe vipi, wanafunzi wapatikane vipi, jamii iwe na kauli gani chuoni. Programu ya kwanza imetokana na mpango huo. Mwaka huohuo Rodolfo Acuña akaongoza idara mpya katika chuo cha San Fernando Valley. Hao ndio mababa wa taaluma hii, upende usipende.

Mzee wa Maktaba:
Programu ya 1968 imetokanaje na mpango wa 1969? Kasome tarehe kwanza, kijana. Tena huyo Acuña unayemtaja alikuwa mwanahistoria mwenye shahada ya uzamivu, yaani msomi.

Binti Saida:
Mnagombania tarehe, mimi nimekwama kwenye neno "mababa". Anna NietoGomez alifundisha katika chuo hichohicho cha Acuña, akawa miongoni mwa waanzilishi wa jarida la wanawake wa Kichicana, *Encuentro Femenil*, mwaka 1973, kisha mwaka 1976 akanyimwa ajira ya kudumu. Mbona hamumtaji?

Kalamu Nyekundu:
Dada Saida, kwa heshima zote, unahamisha mada. Harakati zilikuwa na adui mmoja, nao ni ubaguzi; kuanza kuhesabu wanaume na wanawake ni kuugawa umoja.

Binti Saida:
Kauli hiyo ndiyo waliyoambiwa wanawake hao wa Kichicana pia, kwamba kudai haki zao ni usaliti. Chama cha kitaifa cha wasomi wa fani hii kilianzishwa mwaka 1972, lakini mkutano wake ulioweka sauti ya mwanamke kuwa kaulimbiu ulisubiri hadi 1984, mjini Austin. Wakati huo wanawake walikwisha kuunda chama chao wenyewe, mwaka 1982. Sasa niambie, umoja uliugawa nani?

Mzee wa Maktaba:
Hapo nipo na Saida, ingawa naona hata yeye anazungumzia majarida na mikutano ya wasomi.

Mleta mada:
Jamani, niliuliza juu ya waanzilishi, sikuuliza juu ya waliofungiwa mlango.

Binti Saida:
NietoGomez alikuwa ndani tangu mwanzo, ndugu yangu. Alikuwa mwanafunzi mwanaharakati huko Long Beach mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo hata kwa kipimo chako mwenyewe ni mwanzilishi.