Tupeane uzoefu: ugonjwa unapoanza kuamka, mwili wako hukwambia nini kwanza?

Kiganja
Habari zenu wapendwa. Nina baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kugeuka na kushambulia viungo vyako mwenyewe. Huu ni mwaka wa tisa. Wenye magonjwa ya ukoo huu, iwe lupasi (inayoweza kushika ngozi, viungo hata figo), Crohn (ya utumbo) au mengine, mnajua kuna miezi ya kutulia na kuna siku ugonjwa unaamka. Naomba tuzungumzie zile siku chache kabla haujapamba moto, maana nimejifunza kwa kuumia kwamba huwa haunivamii ghafla. Unabisha hodi, mimi ndiye nisiyeitika.

Hodi yangu mimi ni kifuniko cha dawa ya meno. Asubuhi vidole viwili vikishindwa kukizungusha, nikakibana kwa kiganja kizima, hapo tayari. Siku za kawaida mikono hukakamaa dakika kumi hivi nikiamka, kisha inalegea. Ikivuka saa moja bado sijaweza kukunja ngumi, huko si kulala vibaya.

Mwaka juzi nilibana kile kifuniko kwa kiganja wiki tatu mfululizo. Nikawa nameza dawa za maumivu na kujiambia nimechoka tu. Nilipokwenda hospitali, eksirei ilionyesha mfupa kwenye kiungo cha kidole cha shahada umeanza kulika. Uvimbe ulipoa kwa dawa, lakini mfupa uliolika haukurudi. Kidole kimepinda mpaka leo. Wiki tatu tu jamani. Haya, nyie wenzangu mnaonaje dalili?

Mama Pacha
Pole sana dada. Mimi ni lupasi. Zamani nilijua ishara zangu ni uchovu ule wa kushindwa hata kuinua kitana, vidonda mdomoni visivyouma, na mashavu kuwaka nikipigwa na jua. Hizo nilizizoea, nikaona ndizo zote.

Iliyonipita ilikuwa chooni. Mkojo ulikuwa na povu, povu lile la kubaki, unamwaga maji bado lipo. Sikuumwa kiuno wala mgongo. Siku kadhaa baadaye soksi zikaanza kuniachia alama ya mfereji kwenye vifundo vya miguu. Kumbe lupasi ilikuwa imeingia kwenye figo na protini inavuja. Figo hazikuniuma hata siku moja, hilo naomba mlishike. Sasa kila kliniki napimwa mkojo na presha hata nikijisikia mzima kabisa, na nisipoambiwa nipime naomba mwenyewe.

Baba wa Watatu
Dada Mama Pacha asante, hilo la povu sikulijua.

Langu halikuwa dalili, lilikuwa kosa. Nilikuwa kwenye prednisoloni, ile dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, miezi mingi. Maumivu yakaisha, uso ukawa umejaa mpaka watu hawanitambui. Nikaona mimi mzima, haya mashavu ya nini? Nikaacha siku ileile. Baada ya siku chache nilikuwa siwezi kusimama, natapika, kizunguzungu, presha iko chini. Daktari alinieleza kwamba ukitumia dawa hiyo muda mrefu, mwili unaacha kutengeneza homoni yake wenyewe ya aina hiyo. Ukiikata ghafla unabaki huna ya nje wala ya ndani. Inashushwa ngazi kwa ngazi, tena kwa ratiba yake yeye, si yako. Na viungo navyo viliamka vyote kwa pamoja, nikaanza upya.

Nuru ya Asubuhi
Ndugu zangu, mimi baridi yabisi imetulia mwaka wa pili sasa na dawa nimepunguziwa. Nadhani si lazima zote maisha.

Kiganja
Nuru, nafurahi kwa ajili yako, kutulia namna hiyo kupo kweli. Ila umesema *umepunguziwa*. Hilo neno ndilo linalotofautisha simulizi yako na ya Baba wa Watatu.

Mlezi
Mimi simo, namuuguza mama mzazi. Anatumia methotreksati, dawa ya kutuliza kinga, mara moja kwa wiki. Kwa wiki! Alitoka kliniki na pakiti, jirani akamsomea, akameza kila siku. Siku ya sita mdomo wote vidonda, hata maji hayapiti. Tulimkimbiza hospitali akalazwa, chembe za damu zilikuwa zimeshuka sana. Sasa tumechagua Jumatano. Nampa mwenyewe mkononi, kisha nachora duara kwenye kalenda mbele yake. Foliki asidi, ile vitamini, tunampa siku nyingine, kama tulivyoelekezwa.

Mshipa
Naongeza moja. Si kila homa ni ugonjwa umeamka. Dawa zetu hizi zinaishusha kinga. Nilipata homa na maumivu ya mwili, nikasema ni yaleyale, nikalala siku tatu. Ilikuwa nimonia. Tangu hapo homa yoyote naenda siku hiyohiyo, na neno la kwanza nasema: natumia dawa za kushusha kinga.

Mke wa Fundi
Nimesoma zote machozi yananitoka. Mimi shida yangu ilikuwa mdomo. Miaka minne mume wangu akiniuliza "hujambo?" najibu "sijambo", huku nimeshika ukuta. Yeye ataonaje? Kwa nje sina jeraha. Jana nimefua, leo siwezi kushika kikombe, mtu anaona kama nachagua siku za kuumwa. Tukagombana mpaka siku moja akiniuliza nikamjibu, "Nina jambo." Akanyamaza, akakaa chini, akauliza liko wapi. Nikamwonyesha kiungo kimoja kimoja. Sasa ndiyo lugha yetu ya nyumbani. Nikisema nina jambo, hakuna maswali, ananifunga vifungo vya blauzi na watoto wanajua leo mama habebi kitu.

Mgeni
Shikamooni wakubwa. Nimeambiwa nina lupasi wiki iliyopita. Nimepewa haidroksiklorokwini. Si dawa ya malaria hiyo? Naogopa wamekosea.

Mama Pacha
Marahaba mwanangu, hawajakosea. Ni ya ukoo wa dawa za malaria. Wakati wa Vita Kuu ya Pili askari waliopewa mepakrini ya kuzuia malaria walionekana kupata nafuu ya vipele na viungo, ndiyo njia ikafunguka. Ila usiitegemee kesho asubuhi, inachukua wiki nyingi hata miezi kadhaa kufanya kazi vizuri. Wengi huichoka hapo katikati wakidhani haiwasaidii. Macho yapimwe sasa mwanzoni, na ukishafikisha miaka mitano yapimwe kila mwaka, maana ikikaa sana inaweza kudhuru retina, utando wa nyuma ya jicho. Andika tarehe uliyoanza juu ya boksi lenyewe, leo hii, kabla hujasahau. Na ukichungulia chooni ukaona povu, njoo uniambie ukiwa njiani kwenda hospitali.