Kung'arisha meno: peroksaidi ya chupa, jeli ya trei au kwa daktari?

Mwanzo_Mpya: Habarini wakuu. Meno yangu yamekuwa ya njano na nina harusi nasimamia. Nyumbani tayari nina chupa ya haidrojeni peroksaidi. Wengine wanasema ninunue jeli ya kuvalia trei (kifuniko cha plastiki cha kuvisha meno) usiku, wengine niende kwa daktari wa meno moja kwa moja. Ipi salama na ipi haraka? Naombeni uzoefu.

Kisiki: Mkuu, hiyo chupa ni asilimia ngapi? Harusi lini? Unjano umetokana na nini: chai, sigara, dawa, au ndiyo rangi yako tangu zamani? Kuna jino lililozibwa? Bila hayo kila mtu atakujibu la kwake.

Pwaguzi: Msimtishe mwenzenu. Chukua ya asilimia 3, izimue nusu kwa nusu na maji, sukutua dakika moja, tema, suuza. Mimi nafanya hivyo miezi sasa na sijaona tatizo.

Fundi_Kinywa: Tatizo hujaona, na weupe je? Ukiizimua hivyo inabaki asilimia 1.5, na mate yenyewe yana vimeng'enya vinavyoivunja kuwa maji na oksijeni. Dakika moja ni kidogo mno. Jeli inafanya kazi kwa sababu inakaa juu ya jino saa kadhaa. Nyingi za usiku ni kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, ambayo inatoa kama asilimia 3.5 tu ya haidrojeni peroksaidi. Madaktari wa meno Haywood na Heymann waliandika kuhusu njia hiyo mwaka 1989 na hadi leo inatumika. Ila kwanza akasafishwe ukoga. Wengi wakishatolewa ukoga wanaona hawahitaji tena kung'arisha.

Bi_Hidaya: Jamani nisikilizeni. Mimi niliona kusukutua kunachelewa, nikalowanisha pamba kwenye peroksaidi kali niliyopewa na rafiki, nikaibana kati ya mdomo na meno ya mbele. Ikaanza kutoa povu, nikafikiri ndiyo inasafisha. Nilikaa nayo kama nusu saa huku natazama simu. Kuitoa, fizi yote ya juu nyeupe kama karatasi, inawaka moto. Usiku nilipovuta pumzi kwa mdomo, hewa tu ilipita kwenye meno kama umeme. Maji ya kawaida sikuweza kunywa, nayapasha moto kidogo ndiyo nameza. Fizi ilirudi rangi yake baada ya siku chache, lakini meno yalikaa na ganzi wiki mbili. Daktari alinipa dawa ya mswaki yenye potasiamu naitreti, na akaniambia nina jino lililotoboka pembeni, dawa ilipenya humo. Sikujua kama lipo. Mdogo wangu, kachunguzwe kwanza.

Mwanzo_Mpya: Pole sana dada. Chupa imeandikwa 20 tu, niliitoa kwenye vitu vya saluni. Harusi ni wiki tatu zijazo. Jino moja la mbele limezibwa.

Kisiki: Hiyo usiitie mdomoni kabisa! 20 ni volyumu, yaani kipimo cha oksijeni inayotoa, sawa na asilimia 6, na imechanganywa na vitu vya kupaka nywele. Hata dawa halisi ya meno ya asilimia 6, Umoja wa Ulaya tangu 2012 inauzwa kwa madaktari wa meno tu, wao ndio wanaomwekea mgonjwa mara ya kwanza, na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi.

Pwaguzi: Basi atumie mkaa uliosagwa. Mimi nikisugua, meno yanateleza.

Fundi_Kinywa: Yanateleza kwa sababu unayakwangua. Gamba la jino likishalika halioti tena, na chini yake kuna tabaka la njano. Utazidi kuwa wa njano.

Pwaguzi: Nimetumia mwaka mzima, mbona sijawa wa njano?

Fundi_Kinywa: Haliliki kwa siku moja. Mwanzo_Mpya, zibo halibadiliki rangi. Meno yatang'aa, hilo la mbele litabaki kama lilivyo na litaonekana. Kulibadilisha unasubiri kama wiki mbili baada ya kung'arisha, rangi itulie na zibo jipya lishike vizuri.

Tausi: Samahani kuingilia. Yangu yana madoa ya kahawia tangu utotoni, niliambiwa ni floraidi ya maji. Jeli inasaidia?

Fundi_Kinywa: Ya kahawia mara nyingi hufifia. Kama kuna na meupe, hayo yanaweza kuonekana zaidi mwanzoni. Weka picha.

Tausi: Kesho mchana kukiwa na mwanga.

Mwanzo_Mpya: Sasa kwa wiki zangu tatu, nianze na zibo au na jeli?