R.E. kwenye wito wa Baraza la Ardhi ina maana gani?

MkweziWaPongwe:
Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili. Nimeletewa wito, natakiwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hapa Tanga. Jirani anadai minazi ya upande wa barabarani ni yake. Hilo nitapambana nalo. Kinachonitatiza ni maandishi: "Sura ya 216 R.E. 2019", chini yake "T.S. Na. 174 la 2003", halafu karani kanambia nirudi na WSD. Kijana wa stesheneri anasema R.E. ni "real estate". Nimekuwa dalali lini?

KaraniMstaafu:
Huyo abaki na fotokopi zake. R.E. ni kifupi cha Kiingereza, Revised Edition; kwa Kiswahili utakuta Marejeo au Toleo. Sheria zetu kuu zina namba za sura, na kila baada ya muda huchapwa upya marekebisho yakiwa yameingizwa humo humo. Kuna toleo la 2002, la 2019, na sasa la 2023 lililoanza kutumika Julai 1, 2025. Kwa hiyo 2019 si mwaka wa sheria. Sura ya 216 ni sheria ya mahakama za ardhi, Na. 2 ya 2002.

T.S. ni Tangazo la Serikali. Hilo la 174 ndilo lenye kanuni za mabaraza ya wilaya. WSD ni utetezi wako wa maandishi. Hiyo ndiyo ya kukukosesha usingizi, angalia siku ulizopewa.

Dogo_Ngamiani:
Kama kesi ni ya mwaka huu na wameandika 2019, si inafutwa?

KaraniMstaafu:
Usimpe mwenzio matumaini ya bure. Kunukuu toleo la zamani peke yake mara nyingi hakuui kesi.

BiChumbageni:
Mwanangu, Baraza la Kata mlipita? Tangu marekebisho ya 2021 kata haiamui tena, inasuluhisha tu, na wilaya haisikilizi shauri bila cheti cha kata kuwa usuluhishi umeshindikana, isipokuwa siku thelathini zikipita kata haijasuluhisha.

MkweziWaPongwe:
Shikamoo bibi. Tuliitwa kata, yeye hakutokea. Cheti sijakiona kwenye karatasi nilizopewa.

BiChumbageni:
Marahaba. Basi liweke kwenye WSD kama pingamizi la awali, usingoje siku ya kusikilizwa. Na mpelekee wakili au msaidizi wa kisheria aisome kabla hujaipeleka.