Umeme wa Karuma ugeuzwe gesi, au uende moja kwa moja kwenye sufuria?

Mwanzisha mada, Jinja

Ndugu zangu, kijana niliyemfundisha kemia ameniletea hoja iliyoninyima usingizi. Anasema tangu bwawa la umeme la Karuma, la megawati 600, lizinduliwe Septemba 2024, Uganda yetu ina umeme wa ziada. Viwanda vya saruji vya Tororo na Hima navyo vinamwaga hewa ya ukaa mchana na usiku. Basi serikali ijenge mtambo wa kukutanisha viwili hivyo: umeme utoe hidrojeni kwenye maji, hidrojeni ichanganywe na hewa ya ukaa, tupate gesi ya methani ya kupikia, na miti ya Acholi ipone shoka la wachoma makaa. Nampenda kwa kuwaza hivyo. Hata hivyo nasema fedha ya umma isiende huko, na atakayenipinga anipinge kwa hesabu.

Kemia yenyewe haina ubishi. Mwanzoni mwa karne iliyopita Wafaransa Paul Sabatier na Jean-Baptiste Senderens walipitisha hidrojeni na hewa ya ukaa juu ya metali ya nikeli yenye moto, wakapata methani na maji. Mwaka 1912 Sabatier alipewa Tuzo ya Nobel. Jipya la leo ni kuifanya nikeli iwe chembe za nanomita chache (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), kwa sababu kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko, hufanya kazi kwenye uso wake tu. Mchemraba wa nikeli wa sentimita 1 una uso wa sentimita 6 za mraba. Ukigawanywa vijichemraba vya nanomita 10, nyuso zote pamoja zinafika mita 600 za mraba, zaidi ya kiwanja cha futi 50 kwa 100! Hapo ndipo utamu wa nano ulipo. Ubaya wake, kwenye nyuzi 300 au 400 chembe hizo huungana kama matone ya mafuta juu ya mchuzi, na salfa kidogo tu huziua. Rutheniamu, metali adimu, inaiwezesha kazi hiyo kwa joto la chini zaidi, lakini nani ataimudu bei yake?

Kinachonitisha mimi ni hidrojeni. Kilo 1 ya methani inadai kilo 2.75 za hewa ya ukaa na nusu kilo ya hidrojeni. Kuitoa nusu kilo hiyo kwenye maji kunakula uniti 25 hadi 28 za umeme. Methani utakayopata ina nishati ya uniti 14 hivi. Iwashe chini ya sufuria, karibu nusu ya moto unapotelea pembeni, maharage yanaambulia uniti 7. Uniti zilezile ungezitia kwenye sufuria ya umeme ya presha, sehemu kubwa ingeingia kwenye chakula. Na kwa bei ya umeme wa kupikia ambayo ERA, mamlaka ya udhibiti wa umeme, iliiweka mwaka 2022, shilingi 412 kwa uniti, kilo moja ya gesi imeshameza zaidi ya shilingi 10,000 kabla hujamlipa fundi hata mmoja.

Mchangiaji, Tororo

Mwalimu, hesabu yako siikatai. Ila unahesabu kana kwamba umeme huo una pa kwenda. Saa nane za usiku nani anapika maharage? Umeme usiotumika tunaulipia bure, na gesi inawekeka. Tena nyaya hazijafika kila kijiji cha Kaabong huko Karamoja, lakini mtungi unafika kwa bodaboda. Wajerumani walishajenga mtambo wa namna hii kwao, mji wa Werlte, mwaka 2013, wa kampuni ya Audi, wa megawati 6. Sisi tunangoja nini?

Mwanzisha mada

Ndugu wa Tororo, hoja ya usiku ni nzito, imenibana. Ya mtungi hapana. Gesi ya mtungi tunayoijua ni propani na butani, ambazo ukizibana zinakuwa kimiminika. Methani kwa joto la kawaida haikubali. Ama uipoze hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, ama uibane kwa shinikizo la mara 200 la hewa ndani ya chuma kizito. Bodaboda haiwezi mzigo huo. Werlte wana mtandao wa mabomba ya gesi wa kuisukumia, na hewa yao ya ukaa inatoka kwenye biogesi, haina vumbi la saruji. Kama ni umeme wa usiku, hidrojeni ileile iende kwenye amonia ya mbolea. Mfuko wa mbolea unabebeka.

Mchangiaji, Masese

Mwalimu, mimi nauza chakula. Sufuria ya umeme nilinunua. Siku ya kwanza umeme ulikatika mara mbili, maharage yakabaki magumu, wateja wakahamia kwa jirani. Nimerudi kwenye sigiri na makaa. Hizo uniti zako ziko kwenye karatasi.

Mwanzisha mada

Mama, umenigusa pabaya, na ni haki yako. Hicho ndicho ninachokipigania: fedha ya mtambo huo inunue transfoma na nyaya za mtaa kama wako, ili umeme usikuache na sufuria ya maharage mabichi. Bila hivyo sina haki ya kukuambia uache makaa.

Nakubali mahali pamoja. Biogesi ya kinyesi cha ng'ombe ni methani kama asilimia 60, nyingi ya iliyobaki ni hewa ya ukaa, na vyote viko ndani ya tangi tayari. Hapo vyuo vyetu vijaribu kuigeuza hewa hiyo kuwa methani kwa nikeli ya nano, kwa udogo, salfa ikishaondolewa kwanza. Kazi hiyo ningeichangia hata kwa mshahara wangu.

Ndugu wa Tororo, wewe uko karibu na kiwanda. Tafuta mtu wa maabara akupe kiwango cha salfa kwenye moshi wa bomba lile, ukiweke hapa. Kikiwa kidogo kuliko ninavyodhani, nitaanza hesabu upya.