Nyambizi ya nyuklia: kinu bado kina nguvu, mbona inastaafishwa?

Mtongwe_Juu

Salaam wanabaraza. Kila mahali nasoma kwamba nyambizi ya nyuklia hukaa miaka 20 hadi 30 bila kujazwa mafuta, inajitengenezea hewa na maji, na inaweza kuzunguka dunia bila kuibuka. Sasa kama kinu bado kina nguvu, mbona Marekani inazistaafisha zikiwa na miaka thelathini na ushei, na nyingine kabla ya hapo? Nini hasa huzimaliza? Na jingine: ikitaka kuingia Kilindini kwa ziara, gati letu linaiweza? Naomba majibu ya wanaojua vyuma. Siasa tuwaachie wenyewe.

FundiWaGudi

Yakhe, umeanza na mafuta, na mafuta siku hizi ndiyo yenye usumbufu mdogo. Zamani yalisumbua kweli: USS Nautilus, ya kwanza duniani, ilitoka kwa nguvu ya nyuklia Januari 1955, na kufikia 1957 ilikuwa imeshamaliza mafuta yake ya kwanza baada ya maili 62,562 za baharini. Leo kinu cha S9G cha nyambizi za aina ya Virginia kimeundwa kidumu miaka 33 bila kujazwa tena, yaani umri mzima wa chombo.

Kinachozimaliza ni bodi, yaani ganda la chuma la chombo, na baada ya bodi ni foleni ya gudi, pale vyombo vinapotolewa majini kutengenezwa.

Kila mita 10 unazoshuka, bahari huongeza shinikizo la angahewa moja. Kina kinachotajwa hadharani kwa nyambizi za aina ya Los Angeles ni zaidi ya mita 240. Hapo kila mita ya mraba ya bodi inabeba takriban tani 240. Chuma chake, HY-80, hakishindwi na uzito huo. Taabu ni kwamba bodi husinyaa chombo kikishuka na kutanuka kikipanda, miaka nenda miaka rudi, na chuma huchoka kama waya unaopindwa na kunyooshwa. Uchovu huanzia kwenye mishono ya kuchomelea, na pale mabomba yanapotoboa bodi kuleta maji ya bahari ya kupozea kondensa, mtambo unaogeuza mvuke wa injini kuwa maji tena. Kutu nayo haiko mbali, maana matangi ya farumi, yale ya kuzamishia na kuibushia chombo, hujaa maji ya chumvi, hukauka, kisha hujaa tena. Ndiyo sababu kibali cha kuzama kina tarehe ya kwisha. Tarehe ikipita bila ukaguzi, hata kinu kikiwa kizima namna gani, chombo hakizami.

Foleni inaingia hapo. USS Boise iliingia kazini Novemba 1992. Ilirudi kutoka safari yake ya mwisho 2015, karakana hazikuwa na nafasi, na 2017 ikapoteza kibali cha kuzama. Mkataba wa matengenezo makubwa ulikuja 2024, wa takriban dola bilioni 1.2. Muda wote huo chombo kimefungwa gatini na mabaharia wake wanalipwa.

Kwa hiyo usihesabu umri kwa bendera, yaani kwa tarehe rasmi za kuingia na kutoka kazini. USS Bremerton inahesabiwa kutoka Machi 1981 hadi 2021, miaka 40 ya kujivunia, lakini tangu 2018 ilikuwa karakanani ikisubiri kuvuliwa vitu.

Serahangi_Likoni

FundiWaGudi kasema kweli. Niongeze chanzo cha ukali wa hivyo vibali, maana wengi hudhani ni urasimu wa ofisini.

Tarehe 10 Aprili 1963 nyambizi ya Marekani USS Thresher ilipotea mashariki ya Cape Cod, pwani ya Marekani, ikijaribiwa kwenye kina kirefu. Watu 129. Ilikuwa imetoka matengenezoni siku hizo hizo. Maelezo ya uchunguzi ni kwamba kiungio cha bomba la maji ya bahari, kilicholehemiwa kwa madini ya fedha, huenda kiliachia ndani ya chumba cha injini. Maji yakarushiwa mitambo ya umeme, kinu kikajizima, propela ikakosa nguvu ya kukisukuma chombo juu. Ilibaki njia moja: kupuliza hewa ya shinikizo kubwa kwenye matangi ya farumi ili kusukuma maji nje. Hewa hiyo ilikuwa na unyevu. Hewa ya shinikizo ikipanuka ghafla hupoa vibaya sana, unyevu ukaganda kuwa barafu kwenye vichujio vya vali, na njia ikaziba.

Kinachouma ni hiki: wakati wa matengenezo, viungio 145 vilipimwa kwa mawimbi ya sauti na asilimia 14 vikakutwa chini ya kiwango. Chombo kilikuwa na viungio vya aina hiyo karibu 3,000. Havikupimwa vyote, kikaenda baharini.

Mwaka huo huo ukaanza mpango wa SUBSAFE. Kila kipande kinachogusa maji ya bahari au kinachosaidia chombo kuibuka lazima kiwe na karatasi zake: chuma kilitoka kiwanda gani, nani alikichomelea, nani alikikagua. Hewa ya matangi ikaanza kukaushwa, na taratibu za kuwasha kinu upya zikafupishwa. Tangu hapo Marekani imepoteza nyambizi moja tu, USS Scorpion, Mei 1968 na watu 99, nayo haikuwa na kibali cha SUBSAFE.

Ukiona chombo kimezuiliwa gatini kwa sababu ya karatasi, jua karatasi hiyo imetoka wapi.

Kibarani_80

Sahihisho dogo tu. Si zote zinaishia miaka thelathini na kidogo. Zile kubwa za makombora, aina ya Ohio, ziliundwa kwa miaka 30 na zikaongezwa hadi 42, ila katikati zililala gudini miaka miwili au zaidi kubadilishiwa mafuta. Zina bahati mbili: kazi yao ni kujificha na kwenda polepole, na kila moja ina makundi mawili ya mabaharia, la bluu na la dhahabu. Kundi moja hukaa baharini takriban siku 77, chombo hutengenezwa gatini takriban siku 35, kisha kundi la pili linakichukua. Matengenezo hayo mafupi ya mara kwa mara ndiyo yanayozifikisha huko.

Mtongwe_Juu

Shukran wakuu. Sasa vipi zile zinazokufa mapema? Nasikia kuna moja ilibandikwa kichwa cha nyingine. Ni kweli au ni stori za vijiweni?

FundiWaGudi

Ni kweli kabisa. USS San Francisco, 8 Januari 2005, kusini-mashariki ya Guam. Ilikuwa kina cha mita 160 hivi, ikienda zaidi ya maili 30 za baharini kwa saa, ikagonga mlima wa chini ya bahari. Mlima haukuonyeshwa kwenye chati iliyokuwa mezani, ila chati nyingine zilikuwa na dalili ya hatari eneo hilo. Baharia mmoja alifariki na karibu mia moja waliumia. Omo, yaani sehemu ya mbele, ilipasuka pamoja na matangi ya farumi ya mbele, lakini bodi ya ndani ilishika. Walirudi Guam juu ya maji huku kipulizo kikiendelea kusukuma hewa kwenye matangi yaliyotoboka, kwa sababu kukizima kungezamisha pua.

Hesabu iliyofuata ndiyo jibu la swali lako la kwanza. San Francisco ilikuwa imejazwa mafuta mapya miaka michache tu kabla. USS Honolulu, ndugu yake wa aina ile ile, ilikuwa inakaribia kustaafu kwa kuwa mafuta yake yamekwisha. Kuijaza Honolulu kulikadiriwa dola milioni 170, kukata omo yake na kuishonea San Francisco dola milioni 79. Wakakata, huko karakana ya Puget Sound, jimbo la Washington. San Francisco ikarudi kazini, kisha ikaenda Charleston kuwa chombo cha kufundishia waendesha vinu, imefungwa gatini moja kwa moja. Kwa hiyo mafuta mapya yaliiokoa iliyovunjika, na mafuta kwisha yakaimaliza iliyo nzima.

Mfano wa kinyume ni USS Miami. Mei 2012, ikiwa gudini Kittery, jimbo la Maine, mfanyakazi wa karakana aliwasha moto kwenye matambara. Sehemu ya mbele ikaungua saa nyingi. Gharama ya kuitengeneza ilipofika makadirio ya dola milioni 700 wakaamua kuiacha, ikaondolewa kazini Machi 2014 ikiwa haijafika miaka 24. Moto gudini ni mbaya kuliko baharini: milango ya kuzuia moto haifungiki kwa sababu mabomba na nyaya za muda zimepitishwa ndani yake, na mabaharia wengi hawamo.

Serahangi_Likoni

Na mashine za kuzima moto nazo huua. Nyambizi ya Urusi, Nerpa, ilikuwa majaribioni Novemba 2008. Gesi ya kuzima moto ikaachiliwa bila moto wowote, watu 20 wakakosa hewa. Chombo hicho hicho India ilikikodi 2012 kwa jina INS Chakra, kikarudishwa 2021.

Kuhusu "kuzunguka dunia bila kuibuka": hewa si tatizo, maji yanapasuliwa kwa umeme kupata oksijeni na hewa ukaa inanyonywa kwa kemikali. Maji ya kunywa yanatoka baharini. Kikomo ni chakula, siku 90 hivi, na mwanzoni mwa safari mabaharia hutembea juu ya makopo yaliyotandazwa sakafuni kwa sababu stoo imejaa.

MajiMakuu

Nijibu la Kilindini, limesahaulika.

Kina si kikwazo. Nyambizi ya Los Angeles huzama majini mita 9 na nusu hivi ikiwa juu, na mkondo wetu umechimbwa hadi mita 15 hivi. Ugumu uko ubavuni. Bodi ya nyambizi ni ya duara na upana wake mkubwa uko chini ya maji, kwa hiyo dafrao za kawaida za gati, yale mato ya kuzuia chombo kisigonge, hazigusi mahali panapotakiwa. Lazima ziwekwe dafrao kubwa za kuelea, zinazozama vya kutosha, la sivyo chombo kinajiingiza chini ya gati. Tezi, yaani nyuma ya chombo, ndiyo hatari zaidi: propela na mapezi yamejitokeza na hayaonekani, tagi (boti ya kusukuma na kuvuta meli) ikisukuma kwa kubahatisha inaharibu kitu ambacho hapa hakuna wa kukitengeneza. Rubani wa bandari lazima apewe mchoro kabla, na tagi ziguse pale tu palipowekwa alama.

Kisha bamvua. Hapa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na chombo hiki kiko chini mno kuliko uso wa gati. Kamba zinahitaji mtu wa kuzilegeza na kuzikaza usiku na mchana.

Umeme: meli za Marekani hutumia hertzi 60, sisi 50. Bila kigeuzi cha mzunguko chenye uwezo mkubwa, umeme wetu hauwafai, na hilo si dogo, kwa sababu kinu kilichozimwa bado kinatoa joto na pampu zake haziwezi kukosa umeme. Ndani kuna betri na injini ya dizeli, lakini hizo ni za dharura, si za kukaa wiki nzima. Ama wanawasha kinu wakiwa gatini, na hapo Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya lazima iwe imeshakubali kabla rubani hajapanda.

Mkataba wa Pelindaba, ule wa Afrika isiyo na silaha za nyuklia, hauzuii ziara. Kifungu cha 4 kinaiachia kila nchi iamue yenyewe kuhusu meli za kigeni bandarini. Matengenezo ya kweli wasiyategemee hapa. Kuanzia 2010, kwa miaka kadhaa, meli ya kuhudumia nyambizi, USS Emory S. Land, ilikaa Diego Garcia, takriban kilomita 3,600 mashariki yetu, na kazi hiyo ilifanyikia huko.

Kibarani_80

Na zikishastaafu? Waingereza bado wanazo kwenye bandari zao za Rosyth na Devonport. HMS Dreadnought, yao ya kwanza, iliacha kazi 1980 na mpaka sasa inaelea Rosyth.

FundiWaGudi

Marekani wana utaratibu, na yote hufanyikia Bremerton, jimbo la Washington. Bodi inatobolewa juu ya kinu, mafuta yanatolewa na kusafirishwa kwa reli hadi Idaho. Kisha chumba cha kinu chenyewe kinakatwa mbele na nyuma, pande zote mbili zinazibwa kwa mabamba ya chuma yaliyochomelewa, na mzigo huo wa tani elfu moja na zaidi unawekwa kwenye tishali, chombo bapa cha kubebea mizigo. Tishali inashuka pwani, inapanda Mto Columbia, na mzigo unafukiwa Hanford, jimbo hilo hilo, kwenye shimo namba 94, ambako vimeshalala vyumba zaidi ya 130. Omo na tezi zinakatwakatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu.