Lekcha wa Jumatatu asubuhi kaniuliza mbele ya theata nzima KIKAPU KINA KREDITI NGAPI

Wakuu nimetoka theatani sasa hivi mikono bado inatetemeka. Simtaji, mliosoma hapa mnamjua, yule wa takwimu anayeingia na chupa ya chai na saa mbili na dakika mbili ameshafunga mlango.

Tumerudi jana usiku kutoka Dodoma mashindano ya vyuo ya mpira wa kikapu, wiki nzima tunalala chini madarasani, goti langu limevimba. Barua ya ruhusa ya mshauri wa wanafunzi niliipeleka ofisini kwake KABLA ya safari, sekretari akaigonga mhuri. Leo nikamfuata mbele kistaarabu, Dokta shikamoo, naomba kujua testi niliyokosa nitafanya lini. Akaichukua barua akaisoma kwa MAIKI. Watu mia tatu mle ndani, na wa kozi nyingine waliokuja kuchaji simu. Akamaliza, akaniangalia kuanzia raba mpaka nywele, "binti, kikapu kina krediti ngapi?" Krediti, ule uzito wa somo kwenye matokeo!

Kwa maiki!! Watu walicheka mpaka feni zikasimama.

Testi ina 15, nimewekewa sifuri, kosiweki (alama za kazi za muhula) ni 40 na hapa kwetu bila 16 huingii UE, mtihani wa mwisho, kwa hiyo hizo 16 natakiwa nizitoe kwenye 25 zilizobaki wakati mazoezi ni saa kumi na moja na labu inatoka saa kumi na mbili, ukichelewa kocha anakukimbiza uwanja mpaka uone nyota, ukifika kafeteria umebaki ukoko na maharage ya maji, halafu ndio ukae na asainmenti mpaka saa nane usiku. Yote hayo navumilia. Ila kikapu kina krediti ngapi, mtu mzima, ana PhD, kwa maiki??

Na lile bango la getini la kukaribisha mwaka wa kwanza lina sura ya nani? Yangu, nimeshika mpira! Pale krediti hawaulizi.

chafya_moja: Pole dada. Mimi alinitoa nje kwa kupiga chafya, akasema navuruga wastani.

Mzee wa Sapu: Sasa ni krediti ngapi? Hujajibu swali.

Pointigadi (mleta uzi): Mkuu usinichefue leo.

Kipanga255: Suleiman Nyambui alichukua fedha ya mita 5,000 Moscow 1980 akiwa mwanafunzi Texas El Paso. Hasheem Thabeet katoka chuo cha Connecticut kachaguliwa wa pili NBA 2009. Wenzetu ukijua mchezo unasomeshwa bure, sisi unapewa sifuri ya testi.

Mzee wa Sapu: Thabeet ana futi 7 na inchi 3. Mleta uzi ukisimama mbele ya meza ya lekcha unaonekana? Halafu Dodoma mlifungwa ngapi, mbona hapo umeruka?

Pointigadi (mleta uzi): Tumefika NUSU FAINALI na refa anajulikana. Turudi kwenye mada, alisoma barua kwa MAIKI jamani.

GA_wa_kweli: Nyie kikapu mna nafuu mna jezi. Sisi netiboli zile herufi za kifuani tumekata maboksi tukaandika kwa makapeni, mvua ikanyesha kota ya pili tukawa hatujui nani senta.

Beki Kisiki: Jezi zipo. Waulizeni waziri wa michezo wa serikali ya wanafunzi, mdogo wake anaivaa ya kwetu mtaani namba 9.

GA_wa_kweli: Nilijua!! Na hela ya maji ya timu nayo?

hosteli_B_juu: Mnazungumzia maji ya timu, huku ghorofa ya nne maji hayajapanda tangu Alhamisi, tunaoga kwa chupa ya soda.

Beki Kisiki: Hosteli B mlichagua wenyewe kiongozi aliyeahidi pampu, vumilieni.

Pointigadi (mleta uzi): Kwa hiyo hakuna anayejua speshoo, mtihani maalumu wa aliyekosa kwa ruhusa, inaombwa wapi? Barua ina mhuri!

chafya_moja: Samahani nje ya mada, bumu (hela ya mkopo) limeingia?

Kipanga255: Bado wanasainisha, foleni imefika kwenye mwembe.

Mzee wa Sapu: Dirisha linafungwa saa tisa, nishikieni nafasi nakuja.

hosteli_B_juu: Na mimi. Nani ana peni?