Mjadala: Kampuni ikifungua msimbo wa programu yake, tusaini kuikabidhi haki za michango yetu?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Kampuni inapofungua msimbo wa programu iliyokuwa ikiuza, yaani kuweka hadharani maandishi yanayoiunda ili wengine wayatumie na kuyabadilisha, sote tunakimbilia kuuliza: imetumia leseni gani? Kwangu hilo ni nusu ya swali. Nusu nyingine ni ile hati unayotakiwa kusaini kabla mchango wako haujapokelewa.

Tuchukue OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kama kuandika nyaraka, maana wengi tumeitumia, na toleo lake la Kiswahili, Jambo OpenOffice, lilitoka 2004 kwa kazi ya mradi wa Kilinux pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Asili yake ni StarOffice, programu ya Kijerumani ambayo Sun Microsystems ya Marekani iliinunua 1999. Oktoba 2000 Sun ikaweka msimbo wazi kwa leseni mbili: LGPL, inayomtaka anayesambaza mabadiliko ayaweke wazi nayo, na SISSL, iliyokuwa legevu zaidi. Hifadhidata ya Adabas na baadhi ya fonti hazikufunguliwa kwa sababu zilikuwa mali ya wengine. Hapo sina neno, cha jirani hakigawiwi.

Neno langu liko kwenye hati. Aliyetaka msimbo wake uingie alisaini kuifanya Sun mmiliki mwenza wa hakimiliki. Wewe ukabaki na haki juu ya kipande chako, Sun ikawa na haki juu ya vipande vyote. Ndiyo maana iliweza kuuza StarOffice iliyojengwa kwa msimbo uleule, kwa masharti yake yenyewe, jambo ambalo LGPL haikumruhusu mchangiaji. Januari 2010 kampuni ya Oracle ikakamilisha kuinunua Sun, na haki zote zikahamia kwa mtu ambaye wachangiaji hawakumsainia. Septemba mwaka huo wachangiaji wengi wakaondoka kuanzisha LibreOffice, mradi wao wenyewe uliotokana na msimbo uleule. LGPL iliwaruhusu kuondoka na msimbo, ila jina walilazimika kuliacha. Juni 2011 Oracle ikaupeleka mradi wa OpenOffice kwa Apache Software Foundation, shirika la programu huria, leseni ikabadilika kuwa ya Apache, isiyomlazimisha mtu kurudisha chochote.

Msimamo wangu: tusisaini. Mnasemaje?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, hapo nakupinga. Umesahau upande wa Mozilla, mradi uliozaliwa kampuni ya Netscape ilipofungua msimbo wa kivinjari chake Machi 1998. Leseni yake, NPL, iliipa kampuni upendeleo na haikupatana na GPL, leseni huria inayotumiwa na miradi mingi. Walipotaka kurekebisha, kila mchangiaji alikuwa na hakimiliki yake, ikabidi watafutwe mmoja mmoja. Kazi ilianza 2001, ikaisha 2006! Sun ilipotaka kuhamia LGPL toleo la 3 mwaka 2008 haikuhitaji kumtafuta mtu. Leseni huzeeka, na lazima awepo mwenye uwezo wa kuibadilisha.

Mchangiaji wa pili

Uwezo huohuo ndio unaotuumiza. Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp iliiondoa Terraform, programu yake ya kusimamia miundombinu ya kompyuta, kwenye leseni huria ya MPL ikaiweka chini ya BSL, inayowazuia washindani wake kuitumia kibiashara. Iliweza kwa sababu wachangiaji walikuwa wamesaini. Matoleo ya zamani yalibaki huru, ndipo mradi wa OpenTofu ukazaliwa kutokana nayo, lakini watu walilazimika kuanzisha mradi mpya na kuutunza wenyewe.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nauliza tu: mwajiri wangu akidai msimbo ninaoandika usiku ni wake, sahihi yangu ina maana gani? Mkataba wangu wa kazi unasema hivyo kabisa.

Mleta mada

Ndugu, kama mkataba unasema hivyo, mwajiri ndiye wa kusaini. Usiweke jina lako kabla hujapata ruhusa yake kwa maandishi.

Mchangiaji wa kwanza, hoja ya Mozilla nzito, naikubali nusu. Miaka mitano ni gharama kubwa. Lakini kuna hati za namna nyingine: Free Software Foundation, shirika linalotetea programu huru, nalo huomba hakimiliki, ila mkataba wake unaahidi kwamba kazi itaendelea kusambazwa ikiwa huru. Ahadi hiyo ndiyo ninayoitaka. LibreOffice yenyewe haimdai mtu kukabidhi hakimiliki, na mradi unaendelea.

Mwaka jana niliipelekea kampuni moja marekebisho ya programu iliyokuwa imeifungua. Wakaniletea hati. Nikaomba sentensi moja tu iongezwe: kwamba mchango wangu hautatolewa kwa leseni iliyofungwa peke yake. Walikataa. Nikaweka marekebisho yangu hadharani kwa leseni yao ileile ya wazi, anayetaka ayachukue, na sikusaini.